Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kaunti ya Kilifi: Nunueni Maji, Msinunue Pampu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi,
Kwa Mawaziri wa Kaunti wanaosimamia kilimo, maji na kawi,
Kwa Waheshimiwa wawakilishi wa wadi mnaoketi katika Bunge la Kaunti hapa Malindi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mkulima wa mboga na matunda katika ukingo wa Mto Sabaki, na nimechagua kuandika hadharani kwa sababu jambo ninalolileta linagusa kila kaya inayolima kuanzia Langobaya hadi mto unapoingia baharini. Ombi langu ni moja. Fedha za umma zinazotengwa kwa ajili ya sola mashambani zisiishie katika kununua mitambo na kuigawa; zilipie maji yanayofika shambani na ubaridi unaohifadhi mazao, kwa kipimo, mwezi baada ya mwezi, kwa muda usiopungua miaka mitano. Mengine yote nitakayoyaeleza ni sababu za ombi hilo na namna ninavyoamini linaweza kutekelezwa.

Anayevuka daraja la Sabaki akielekea Mambrui huuona ukanda wa kijani kando ya mto na akadhani kwamba, maji yakiwa karibu hivyo, kazi imekwisha. Maji yako karibu, lakini yako chini. Ifikapo Februari, msimu wa joto na ukame wa Kaskazi ukiwa umekolea, mto hujikusanya katikati ya mchanga na kuyaacha mashamba juu. Mkulima huibeba mashine ya petroli begani, akaishusha hadi kwenye maji, akaunganisha mpira wa kunyonya, akaijaza maji kwa kopo mpaka hewa yote itoke, ndipo akavuta kamba. Mpira ukiwa na tundu dogo kama la sindano mashine hunguruma bila kuvuta kitu, na nusu siku hupita akitafuta tundu hilo kwa vidole. Petroli yenyewe huletwa na bodaboda katika madumu, kwa bei iliyozidi ile ya kituoni. Mwishoni mwa mwaka 2023, lita moja ilipopita shilingi 210, majirani zangu kadhaa walipunguza siku za kumwagilia, na nyanya zilizokuwa zikipata maji leo na kuyakosa kwa siku tatu zikaoza kitako zikiwa bado mtini. Madalali wa soko la Kongowea, Mombasa, hawanunui nyanya ya namna hiyo kwa bei yoyote.

Naomba mniruhusu niweke hesabu mezani, kwa kuwa sera isiyo na hesabu ya shambani hukosea mapema. Ekari moja ya mboga wakati wa Kaskazi huhitaji takriban milimita 5 za maji kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 20, yaani ndoo 1,000 za lita 20. Mashine ndogo ya petroli ya inchi mbili, ikiwa katika hali nzuri, hupandisha mita za ujazo 10 hadi 15 kwa lita moja ya mafuta, kwa hiyo ekari hiyo hula lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Katika miezi mitatu ya zao la nyanya, hata tukitoa siku za mvua, ni zaidi ya lita 100. Kwa bei ya shilingi 180 kwa lita, mkulima ameshatoa zaidi ya shilingi 18,000 kabla ya kununua mbegu, mbolea na dawa, na kabla ya kuwalipa wanaopalilia.

Sasa tazameni upande wa pili. Kuyapandisha maji hayohayo mita 10 kunataka, kwa kanuni ya fizikia, takriban nusu uniti tu ya umeme. Tukikubali kwamba pampu ndogo, mabomba na nyaya hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu, bado ni uniti moja na nusu kwa siku. Jua la Malindi, likijumlishwa kutoka asubuhi hadi jioni, ni sawa na saa tano za jua la utosi au zaidi. Paneli mbili za wati 300 kila moja zinaitosha ekari moja, na ziada hubaki hata vumbi na joto vikichukua chao. Betri haihitajiki, kwa sababu tangi lililoinuliwa juu huhifadhi maji, nayo maji yaliyo juu ni nguvu iliyokwisha kuwekwa akiba. Bei ya paneli duniani imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 2010, na paneli nzuri hufanya kazi kwa miaka 25. Zaidi ya hayo, majira yanaafikiana: miezi ambayo shamba lina kiu kuliko yote ndiyo miezi ambayo mbingu ya Kaskazi haina wingu, na masika yanapofunika jua, mvua huwa inanyesha shambani.

Ni haki pia kuuliza kwa nini tusingoje stima ya gridi, hasa kwa kuwa eneo letu wenyewe linazalisha. Huko Langobaya uko mtambo wa sola wa megawati 40, ulioanza kutoa umeme mwishoni mwa 2021 na kuuingiza katika gridi ya taifa. Naufurahia mtambo huo, na nafurahi kwamba karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Hata hivyo, umeme unaozalishwa Langobaya haufiki ukingoni mwa mto kwa sababu tu umezalishwa karibu. Unahitaji transfoma, nguzo na nyaya hadi kwenye bonde ambalo hufurika, kwa ajili ya wateja wanaotumia uniti moja au mbili kwa siku, tena kwa miezi michache ya mwaka. Hakuna kampuni ya umeme itakayorudisha gharama ya nguzo hizo, na sioni sababu ya kuilazimisha. Kazi inayohitajika ni ndogo, imetawanyika, na huhamahama kadiri mto unavyohama. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayofaa mitambo midogo iliyo palepale shambani.

Hadi hapa sijasema jambo ambalo maafisa wenu hawalijui. Miradi ya pampu za sola imeshakuja. Kaunti yetu ni mojawapo ya kaunti 14 zilizoingizwa katika mradi wa kitaifa wa KOSAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2017 ili kupeleka kawi ya jua mahali ambapo gridi haifiki, pampu za maji za jamii zikiwemo. Vikundi vya akina mama, makanisa, misikiti na wafadhili mbalimbali pia wameleta mitambo yao kwa nyakati tofauti. Kinachonisukuma kuandika ni yale yanayotokea baada ya sherehe ya uzinduzi.

Karibu na shamba langu liko tangi la plastiki jeusi juu ya mnara wa chuma, na chini yake ziko paneli zilizozungushiwa ua wa nyaya. Mradi ule ulitolewa kwa kikundi kwa nia njema, na katika msimu wa kwanza ulifanya kazi kiasi kwamba watu walianza kupanda tikitimaji mahali palipokuwa na vichaka. Kisha maji yakapungua, na siku moja yakakoma. Aliyeitwa kutazama alisema kidhibiti cha pampu kimeungua. Mwingine akasema ni pampu yenyewe, imeliwa na mchanga. Nyaraka za dhamana hazikupatikana. Nambari ya simu iliyobandikwa kwenye sanduku ilikuwa haipatikani. Kikundi kilichanga, fedha hazikutosha kununua kifaa kipya, na waliochanga wakaanza kulaumiana. Paneli bado ni nzima na zinapokea jua kila siku. Wakulima wamerudi kwenye petroli, na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba sasa wanasema sola haifai.

Sola inafaa. Kilichokosekana ni mtu ambaye riziki yake inategemea maji yale kuendelea kutoka. Aliyeuza alilipwa siku ya kukabidhi, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kurudi. Aliyefadhili alihesabu mitambo iliyosimikwa, na kwa hesabu yake alifaulu. Ofisi ya umma iliandika katika ripoti kwamba pampu moja imewekwa, jambo ambalo ni kweli hata leo. Katika mnyororo huo wote, mkulima pekee ndiye aliyekuwa akihesabu maji, na yeye hakuwa na mkataba na mtu.

Ndiyo maana naomba mnunue maji. Mkandarasi, awe kampuni, chama cha ushirika au kikundi cha vijana waliosajiliwa, ashinde zabuni ya kutoa mita za ujazo kadhaa kwa siku katika sehemu fulani ya mto kwa miaka mitano. Mtambo uwe wake au uwe wa ushirika chini ya uangalizi wake, na kwenye bomba la kutokea kuwe na mita ambayo mkulima, mkandarasi na afisa wa wadi wote wanaweza kuisoma. Sehemu ya gharama ya kusimika ilipwe mwanzoni, kwa kuwa hakuna mwekezaji mdogo atakayeweza kubeba yote, lakini sehemu kubwa ya mchango wa kaunti itolewe kila mwezi kulingana na mita. Mkulima naye alipe mdogo mdogo kwa M-Pesa, kwa bei iliyo chini ya ile anayoitumia leo kwa petroli. Na bei hiyo ya leo inajulikana, maana nimeshaionyesha hapo juu kwamba ni kati ya shilingi 12 na 18 kwa kila mita ya ujazo pale lita inapouzwa shilingi 180. Maji yakikoma kwa wiki moja katikati ya Kaskazi, mkandarasi asilipwe wiki hiyo. Nina hakika kwamba kwa mkataba wa namna hiyo kidhibiti kilichoungua kitabadilishwa kabla nyanya hazijanyauka.

Mkataba wa maji pia utamfanya mkandarasi aujue mto wetu, kwa maana Sabaki si mto mpole kwa mitambo. Maji yake yanatoka mbali, kule mto unakoitwa Athi, yakapitia Tsavo na Galana, na yanapotufikia wakati wa mvua huwa mazito kwa udongo mwekundu kiasi cha kuigeuza rangi bahari ya Malindi. Pampu ya kuzamishwa iliyotengenezwa kwa maji safi ya kisima hulika upesi ikitupwa humo. Mafundi wa maji wanalijua hilo: visima vya Baricho, vinavyonywesha Malindi, Kilifi na Mombasa, vimechimbwa katika mchanga wa kando ya mto, ili mchanga wenyewe uchuje maji kabla hayajafika kwenye pampu. Sisi wakulima tunaweza kufanya hivyo kwa kipimo kidogo, kwa kisima kifupi cha pete za saruji mita chache kutoka ukingoni. Anayeuza pampu na kuondoka haoni faida ya kuchimba kisima hicho. Anayelipwa kwa maji ataanza nacho.

Chumvi ya hewa nayo hula viungo vya nyaya na fremu za bei nafuu. Mafuriko, kama yale ya El Niño ya mwishoni mwa 2023, huzoa kila kilichojengwa chini. Viboko hupita usiku. Na wezi wa paneli wapo. Baadhi ya wakulima wamebuni njia ya kuzifunga paneli juu ya toroli la magurudumu mawili, linalosukumwa hadi shambani asubuhi na kulala nyumbani jioni. Mambo haya hayawezi kuandikwa yote katika stakabadhi ya zabuni huko ofisini. Yanajulikana na mtu aliye mahali pale, na mfumo wa malipo ndio utakaoamua kama mtu huyo atasikilizwa.

Kuhusu mamlaka, nimesikia ikisemwa katika vikao kwamba umeme ni jambo la serikali kuu pekee. Kwa heshima, sivyo Katiba inavyosema. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti kilimo, na katika orodha hiyohiyo linaipa usambazaji wa umeme na udhibiti wa kawi ndani ya mipango ya kaunti, na tena linaipa vyuo vya ufundi vya vijijini. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila serikali ya kaunti iandae mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri. Kwa hiyo maji ya kumwagilia, umeme wa kuyapandisha na chuo cha kumfundisha fundi viko katika mkono mmoja, nao ni mkono wenu. Naomba mpango wa kawi wa kaunti yetu uanze kwa kuorodhesha kazi za mashambani, wadi kwa wadi na mwezi kwa mwezi: wapi maji yapandishwe, wapi muhogo na mahindi yasagwe, wapi maembe yapozwe. Mpango unaohesabu nyumba zilizopata taa ni mzuri kwa taa, lakini taa haimpunguzii mkulima gharama ya msimu. Vyuo vyetu navyo vipewe vifaa na walimu wa kuwaandaa vijana hadi wapate leseni ya ufundi wa sola inayotolewa na EPRA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti kawi na petroli, ili fundi atoke Magarini, aitwe kwa simu na afike kwa pikipiki siku hiyohiyo.

Kuna jambo la ardhi ambalo siwezi kuliacha. Wengi wanaolima hapa hawana hati. Historia hiyo mnaijua tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyowafanya wenyeji wengi wa mwambao kuitwa maskwota katika ardhi walizozilima wazee wao. Benki haikopeshi kwa shamba lisilo na hati, na mkulima mwenye busara hachimbi kisima mahali anapoweza kuondolewa. Mpango wowote unaomtaka kila mkulima awe na mtambo wake kwa mkopo utawafikia wenye hati, nao ni wachache na hawako katika dhiki kubwa. Huduma ya maji inayolipiwa kwa mita haimwombi mtu hati. Inampa maji mjane anayelima robo ekari ya mchicha na bamia kama inavyompa mwenye ekari kumi, kila mmoja akilipia alichotumia, na vifaa vyake vingi vinaweza kuhamishwa endapo ardhi itagombaniwa. Wanawake ndio walio wengi katika mashamba haya madogo, na ndio wanaobeba ndoo petroli inapokwisha.

Niliyoyasema kuhusu maji yanahusu pia ubaridi, na hapa nazungumzia maembe. Msimu mkubwa huanza mwishoni mwa mwaka na kuingia katika Kaskazi, na matunda huiva kwa pamoja, ngowe, boribo na apple, katika wiki chache ambazo kila dalali anajua kwamba mwenye embe hana pa kuliweka. Bei hushuka hadi pale ambapo gunia halilipi kibarua aliyelichuma, na matunda huozea chini ya miembe. Embe halihitaji barafu. Likiwekwa chini ya nyuzi 10 hudhurika ganda na ladha. Linataka chumba cha nyuzi 13 hivi, na nyanya nayo inakaa vyema katika kiwango hicho. Chumba cha namna hiyo, chenye kuta nene za kuzuia joto, kinaweza kuendeshwa na paneli zilizo juu ya paa lake, na ubaridi wa usiku ukatunzwa kwa tangi la maji yaliyogandishwa mchana badala ya betri za gharama kubwa. Nchini Nigeria, kampuni ya ColdHubs, iliyoanzia mji wa Owerri, imekuwa ikiweka vyumba vya aina hiyo katika masoko na kuwatoza wakulima na wachuuzi kwa kreti kwa siku, na mwenye nyanya hanunui chumba, ananunua siku za kungoja bei. Chumba kimoja karibu na soko na kimoja upande wa Magarini vingetosha kuanza. Hapa pia kaunti ilipie kreti zilizohifadhiwa, isilipie jengo. Majengo ya kuhifadhia mazao yaliyofungwa kwa kufuli tumeyaona ya kutosha.

Bangladesh inatufundisha jambo kuhusu mfumo huu. Huko taasisi ya serikali iitwayo IDCOL imefadhili zaidi ya pampu 1,000 za sola kwa utaratibu ambao takriban nusu ya gharama ni ruzuku, zaidi ya theluthi ni mkopo, na iliyosalia ni fedha ya mwendeshaji mwenyewe. Mwendeshaji huwauzia wakulima maji, na mkopo wake haulipiki pampu ikilala. Jambo walilokutana nalo ni kwamba nje ya msimu wa kumwagilia umeme wa paneli hukosa kazi. Nasi tutakutana nalo wakati wa masika, na ndiyo sababu naomba mikataba imruhusu mwendeshaji kutumia nguvu hiyo kwa mashine ya kusaga, kukamua mafuta ya nazi au kuangulia vifaranga, ili mapato yasikatike.

India imefuata njia nyingine. Mpango wake wa PM-KUSUM, ulioanza 2019, hutoa ruzuku kwa pampu yenyewe, serikali kuu na ya jimbo zikibeba kwa pamoja asilimia 60 ya bei. Pampu zimeenea kwa haraka, lakini katika maeneo makavu kumekuwa na hofu yenye msingi, kwamba mkulima ambaye jua halimtozi chochote hana sababu ya kuzima, na maji ya ardhini yanashuka. Hofu hiyo ni kubwa zaidi kwetu sisi wa pwani. Visima vingi karibu na bahari vimeshakuwa vya magadi, na kisima kinachovutwa kupita kiasi huvuta maji ya bahari chini ya ardhi. Chumvi ikishaingia, haitoki kwa msimu mmoja wala miwili. Sitaki kuwaficha hatari hii kwa kuwa natetea sola. Nataka iandikwe katika mkataba: kila chanzo kiwe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kama Sheria ya Maji ya 2016 inavyotaka, kiwe na kikomo cha mita za ujazo kwa siku, na chumvi ipimwe kila mwezi kwa kifaa kidogo cha mkononi ambacho fundi anaweza kubeba mfukoni. Umwagiliaji wa matone upewe kipaumbele juu ya mifereji. Mwendeshaji alipwe kwa maji yaliyo ndani ya kikomo tu, ili kusukuma zaidi kusimletee faida.

Najua mtaulizwa kuhusu fedha, na najua kwamba bajeti ya kaunti ina mizigo mingi. Siombi fungu jipya kubwa. Naomba fungu lililopo la pampu, matangi na miradi ya maji ya wadi liandikwe upya, ili kile kilichokuwa kikilipwa siku ya uzinduzi kigawanywe katika miezi sitini. Wahasibu wenu wataona ugumu, kwa sababu bajeti ya umma ni ya mwaka mmoja mmoja na mkataba huu ni wa miaka mitano. Hili lina ufumbuzi: kaunti huingia mikataba ya zaidi ya mwaka mmoja katika huduma nyingine, na Bunge la Kaunti lina uwezo wa kuidhinisha mfuko maalumu wenye kanuni zake. Kwa upande wa serikali kuu, naomba mpaze sauti zenu ushuru usibadilike badilike. Sheria ya Fedha ya 2020 iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, ile ya 2021 ikaurudisha, na katikati yake wauzaji na wakulima hawakujua bei ya kesho.

Naomba jaribio lianze mahali patatu: shamba la ukingoni mwa Sabaki chini ya Langobaya, lenye mchanga na mafuriko, shamba la visima upande wa Magarini, ambako hatari ni chumvi, na chumba kimoja cha ubaridi kinachofikiwa na wachuuzi wa Malindi. Vipimo vya mita vibandikwe kila mwezi kwenye ofisi ya wadi na visomwe katika baraza la chifu. Wawakilishi wa wadi mpeleke zabuni hizo katika vikao vya ushirikishaji wa umma mapema, kabla ya vipimo kuandikwa, na muwaite wanaomwagilia wenyewe, wake kwa waume, waseme maji wanayataka saa ngapi na miezi ipi.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti hutakiwa kuwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Tunaomba kabla ya siku hiyo tupate jibu la maandishi linaloonyesha kama sehemu hizo tatu zitaingizwa, ni ofisi gani itasimamia mikataba, na ni nani atakayesoma mita. Wakulima wa ukingo huu wako tayari kuwapa maafisa wenu daftari zao za matumizi ya petroli za misimu iliyopita, ili bei ya maji ikadiriwe kwa gharama halisi, na tuko tayari kutoa mahali pa kuchimba kisima cha kwanza.

Wenu mwaminifu,

Mkulima wa ukingo wa Mto Sabaki,
Malindi.